Mfuniko wa stoo nao ufungwe: barua ya wazi kwa watunga kanuni za mashua za matanga

Kwa wajumbe wa kamati ya World Sailing inayotunza Kanuni Maalumu za mashindano ya bahari kuu, na kwa wajumbe wa kamati ya ISO ya vyombo vidogo vya majini.

Waheshimiwa,

Kabini ya mashua ya matanga ya mita 11 au 12 mnaijua kuliko wengi wetu, kwa hiyo sina haja ya kuieleza yote. Naomba tu mwinamie kiti kimoja kirefu cha pale sebuleni, mwondoe godoro, mtazame kilicho chini yake. Mara nyingi mtakuta kipande cha plaiwudi cha milimita 12 hivi, kimekatwa kikaenea kwenye uwazi wake na kulazwa juu ya vijiti vya mbao vilivyogundishwa pembezoni. Kina tundu la kupitisha kidole. Bawaba hakina, komeo hakina, skrubu hakina. Kinachokizuia kisitoke ni uzito wake mwenyewe, kilo moja na nusu au pungufu, pamoja na lile godoro. Humo chini ndimo yanamokaa makopo ya chakula, chupa za mafuta ya kupikia, vipuri vya injini, boksi la zana, na katika mashua nyingine betri zenyewe. Mifuniko ya namna hii ni mingi katika mashua moja: iko chini ya vitanda, iko nyuma ya maegemeo ya viti, na mingine ni vipande vya sakafu vinavyofunika ngama. Barua hii inahusu vipande hivyo vya plaiwudi. Ninachoomba ni kwamba kanuni zenu zitamke waziwazi kuwa kila mfuniko wa ndani, katika mashua inayodai kufaa bahari kuu, uwe na kifungo kinachoushika hata mashua ikiwa imepinduka, na kifungo hicho kiwe kimepimwa.

Hoja yangu naitoa kwenye maandishi yenu wenyewe. Kiwango cha ISO 12217-2, kinachopima uthabiti wa mashua za matanga, kinaitaka mashua ya mkuku mmoja yenye uzito wa tani 8 iweze kujiinua hata ikilazwa karibu nyuzi 114 ndipo ipewe kategoria A, ile ya bahari kuu. Na hata iwe nzito namna gani, chini ya nyuzi 100 hairuhusiwi. Nyuzi 90 maana yake mlingoti umelala juu ya maji. Ikifika 114, ncha ya mlingoti imeshazama. Walioweka tarakimu hizo walijua kwamba iko siku mashua itafikishwa huko, wakataka irudi. Kanuni Maalumu nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Mbao za kuziba mlango wa kabini ni lazima zifungike zisichomoke hata mashua ikiwa miguu juu. Vitu vizito, yaani betri, majiko, mitungi ya gesi, matangi, maboksi ya zana, nanga na minyororo yake, ni lazima vifungwe imara. Kwa upande wa betri, viwango vya umeme wa mashua vimesogea hatua moja mbele vikaweka kipimo: ivutwe kwa nguvu iliyo mara mbili ya uzito wake, na isisogee zaidi ya milimita 10. Hicho ni kipimo ambacho fundi anakielewa na mkaguzi anakielewa, na mwenye mashua anaweza kukijaribu mwenyewe siku ya Jumapili.

Sasa tulifuate lile boksi la zana. Kanuni inasema lifungwe imara. Mwenye mashua analitia ndani ya stoo ya chini ya kiti, anarudishia mfuniko, anatandika godoro, na moyo wake unatulia kwamba ametimiza. Mkaguzi akija na kuuliza zana ziko wapi, ataonyeshwa kiti, na ni rahisi sana kwake kuweka alama ya vema na kuendelea na ukurasa wa pili. Hapo stoo imekubaliwa kuwa ndiyo kifungo cha boksi, ilhali stoo yenyewe iko wazi, maana mfuniko unaoshikwa na uzito wake hufanya kazi mashua ikiwa wima tu, yaani wakati ambapo kifungo hakihitajiki. Orodha yenu ya vitu vizito haiutaji mfuniko kwa sababu mfuniko si mzito. Ni kweli, si mzito. Lakini kila kizito kilichomo kimeachiwa chepesi hicho kikilinde, na hapo ndipo kanuni inapovuja.

Hebu tuangalie kinachotokea mashua inapolazwa upande wa kushoto. Kiti cha kulia kinabaki juu, mita 2 au zaidi kutoka kwenye ubavu wa kushoto, ambao kwa wakati huo ndio sakafu. Godoro limeshaanguka zamani. Mdomo wa stoo, uliokuwa ukitazama dari, sasa unatazama pembeni, na mfuniko uliokuwa umejilalia kwa uzito wake hauna tena kinachoukandamiza pale. Unategemea msuguano wa kingo zake tu, na huku nyuma makopo yanausukuma. Mashua ikivuka nyuzi 90, mdomo ule unainamia chini na vilivyomo vinamwagika. Kitu kilichoanguka mita 2 hufika na kasi ya zaidi ya kilomita 22 kwa saa. Kopo la nusu kilo kwa kasi hiyo linatosha kuchana kichwa. Boksi la zana la kilo 10 ni sawa na kuangushiwa boksi hilo kutoka kizingiti cha juu cha mlango, nawe uko gizani na hujui linatokea upande gani. Na hapo nimekadiria kwa upole, kwa kuwa nimehesabu uzito wa vitu peke yake. Wimbi linalovunjika huibeba mashua ubavu ubavu likaitupa bondeni. Mashua ikigota pale chini, vilivyomo ndani havigoti nayo, vinaendelea na mwendo ule ule mpaka vikutane na ukuta au na mtu.

Ushahidi kwamba mashua hufikishwa kwenye nyuzi hizo upo tele. Katika mashindano ya Fastnet ya Agosti 1979 ziliondoka mashua 303. Dhoruba iliyozikuta kati ya Uingereza na Ireland iliua washindani 15. Taarifa ya uchunguzi iliyotolewa mwaka huo huo iliwauliza manahodha yaliyowapata, na majibu yao ndiyo yaliyobadilisha fani nzima: asilimia 48 ya waliojibu walisema mashua zao zililazwa mpaka mlingoti ukakaribia maji, na asilimia 33 walisema zilipita hapo, nyingine zikazunguka kabisa. Theluthi moja hiyo haikuwa ya mitumbwi iliyotengenezwa uani. Zilikuwa mashua za mashindano zenye mabaharia waliozoea bahari ile. Mashua 24 ziliachwa na watu wake. Kati ya hizo zilizozama ni 5 tu. Zile 19 zilikutwa baadaye zikielea zenyewe. Na taarifa ile ina jambo moja ambalo kila mjenzi wa mashua angepaswa kulibandika karakana kwake: saba kati ya waliokufa walikufa katika matukio ya vyelezo vya mpira, vile vya kujazwa hewa, na mashua walizoziacha ili waingie kwenye vyelezo hivyo zilipatikana zikielea, zikavutwa mpaka bandarini.

Sidai kwamba mifuniko ya stoo ndiyo iliyowaua watu saba. Hakuna taarifa inayosema hivyo, na anayetaka kushinda hoja kwa maiti za wengine hafai kusikilizwa. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa kuihama mashua hufanywa na watu waliochoka, usiku, wakiwa wamesimama ndani ya kabini, na kabini ile ndiyo inayowaambia kama mashua bado ni mashua. Nahodha mwenye maji ya kifundo cha mguu, taa moja inayowaka, na stoo zilizotulia mahali pake anaweza kusema tukae. Yule yule akiwa na maji ya kiasi kile kile, lakini vipande vya sakafu vinaelea, makopo yanabiringika miguuni, mafuta ya kupikia yamemwagika kila anapokanyaga na mwenzake ana jeraha kichwani, atasema tumekwisha, naye atakuwa anaamini kwa dhati anachosema. Chuma na nyuzi za kioo havijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni vurugu za ndani, na nyingi kati ya hizo zingezuiwa na vitasa vya bei ya chakula cha jioni.

Hapa kwenye maji ndipo ningependa tukae kidogo, kwa maana wengi wakifikiria mfuniko uliofunguka hufikiria kichwa kilichopasuka, wakaishia hapo. Mashua iliyolazwa huingiza maji kupitia mlango, matundu ya hewa na kila penye ufa. Maji hayo si hatari sana kama yanaweza kutolewa. Lakini stoo zikishamwaga vilivyomo, maji yale yanakuwa uji: mchele, unga wa ngano, karatasi za chooni, soksi, ramani zilizolowa, na zaidi ya yote karatasi za makopo. Gundi ya karatasi za makopo huachia haraka kwenye maji ya chumvi. Karatasi inavutwa mpaka kwenye chujio la pampu, inajibandika kama ngozi ya pili, na pampu inaacha kuvuta. Anayepampu anahisi mpini umekuwa mzito ghafla na hakuna kinachotoka, ilhali maji yako magotini. Ndiyo sababu mabaharia wa safari ndefu huvua karatasi hizo kabla ya kung'oa nanga, wakaandika kwa rangi juu ya kila kopo kama ni maharage au ni samaki. Ni tahadhari nzuri. Lakini ni tahadhari ya kungojea makopo yaangukie ndani ya ngama, na hakuna anayeuliza kwa nini yawe yameanguka.

Sakafu nayo ina kisa chake. Vipande vya sakafu vinavyofunika ngama ni mifuniko kama mingine, ila vinakanyagwa. Vikishaelea, chini yake panabaki mashimo yenye mbavu za mashua na mabolti ya mkuku, na anayetembea humo gizani anaingiza mguu mpaka gotini. Mguu uliovunjika katikati ya bahari unaipunguzia mashua mtu mmoja wa kushika usukani na unaongeza mmoja wa kuuguzwa. Baadhi ya wajenzi tayari huweka vitasa kwenye sakafu, jambo la kusifiwa, kisha wakaacha stoo za viti zilivyo, kana kwamba wimbi likifika litachagua.

Nakuja kwenye pingamizi, na la kwanza ni kwamba matukio haya ni nadra. Kwa mashua moja na safari moja, ndiyo, ni nadra. Baharia anaweza kuzunguka dunia asilazwe hata mara moja. Lakini kategoria za ujenzi hazikuwekwa kwa ajili ya safari zenye bahati. Baada ya 1979 watafiti wa Southampton walijaribu mifano midogo ya mashua ndani ya matangi ya mawimbi, wakakuta kwamba wimbi linalovunjika lenye kimo cha asilimia 30 ya urefu wa mashua, likiipata ubavuni, laweza kuipindua mashua ya umbo fulani, na likifika asilimia 60 lilizipindua zote walizozijaribu. Kwa mashua ya mita 12, asilimia 30 ni mita 3.6. Kategoria A, kwa maneno ya sheria ya Ulaya ya vyombo vya starehe, ni ya upepo unaozidi nguvu ya 8 na mawimbi yanayozidi mita 4, kimo kinachochukuliwa kwa wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Kibandiko kilichobandikwa karibu na usukani kimeshakiri kwamba mashua hii imejengwa kwa bahari yenye mawimbi ya kuilaza. Mtengenezaji hawezi kuuza kibandiko hicho kisha akasema wimbi lenyewe halikuwa kwenye mpango.

Wala si jambo la wanamashindano peke yao. Mwaka 1998, katika mashindano ya Sydney hadi Hobart, ziliondoka mashua 115, zikafika 44. 5 zilizama na watu 6 wakafa, na habari hiyo ilienea kwa kuwa kamera zilikuwapo. Lakini familia inayovuka Bahari ya Hindi kwa mashua ya miaka 20, ikitoka Réunion au kusini mwa Madagaska kuelekea Richards Bay, inakatiza mkondo wa Agulhas unaoshuka kusini kwa kasi ya fundo 4 au 5. Upepo wa kusini-magharibi ukipanda ghafla na kukutana na mkondo ule uso kwa uso, mawimbi yanakuwa mafupi, marefu kwenda juu, yenye kuvunjika. Humo hamna kamati ya mashindano, hamna helikopta iliyokaa tayari, na mara nyingi ndani kuna mtoto aliyelazwa kwenye kitanda cha chini, mkabala kabisa na stoo ya makopo.

Pingamizi la pili ni kwamba kufunga vitu ni kazi ya nahodha, na kanuni haiwezi kumfundisha kila mtu ubaharia. Sehemu ya hilo naikubali. Nahodha anayeacha birika juu ya jiko akapiga joshi hawezi kuokolewa na kiwango chochote. Ila kitasa ambacho hakipo hakiwezi kufungwa na nahodha yeyote, hata awe hodari wa pwani nzima. Mnunuzi wa mashua mpya hufungua stoo kwenye maonyesho, mfuniko unanyanyuka kirahisi, anafurahi. Hana namna ya kujua kwamba wepesi ule ndio kasoro. Mnunuzi wa pili na wa tatu hurithi kile kile. Kazi ikishaachwa hivyo inawaangukia mafundi wa mbali: Kilifi, Mtwapa au Tanga, ambako mashua za safari ndefu hutia nanga kungoja pepo zigeuke, fundi huletewa mifuniko hii aitafutie vitasa kimoja kimoja, kwenye mbao nyembamba ambazo hazikukusudiwa kushika skrubu. Kiwandani, kazi hiyo hiyo ingefanywa kabla kabini haijafungwa, kwa mashine, kwa dakika chache. Isitoshe, madirisha hamkumwachia nahodha, wala mbao za mlango. Mlisema ziwe na nguvu kiasi gani na zishikwe vipi. Mpaka kati ya kazi ya mjenzi na kazi ya baharia mmeshauchora. Naomba tu mwusogeze kidogo kuingia ndani ya kabini.

Pingamizi lenye uzito ni la tatu, nalo huletwa na watu wanaojua bahari. Chini ya baadhi ya mifuniko kuna valvu za maji ya bahari. Bomba likipasuka, sekunde zinahesabika, na mtu anayepapasa kitasa ndani ya maji yanayopanda atajuta kuwa tulimfungia. Hapa hakuna jibu la mkato. Kitasa kibaya kinaweza kuwa kibaya kuliko kutokuwapo. Kwa hiyo kanuni isiseme tu kwamba mfuniko ufungwe. Iseme pia kwamba ufunguke kwa mkono mmoja, bila bisibisi wala ufunguo, gizani, na vidole vikiwa na ganzi. Mifuniko ya valvu na ya chujio la pampu ipakwe rangi moja inayojulikana, na kitasa chake kifunguke kwa tendo moja. Mtungi wa kuzimia moto usikae chini ya mfuniko hata kidogo. Baada ya hayo tuulize upya ni mfuniko upi unaochelewesha. Ule usiofungwa huonekana wa haraka tukiuwazia bandarini. Katika kabini iliyokwisha kulazwa, mfuniko huo, godoro lake, mifuniko ya jirani na shehena ya stoo tatu vyote vimerundikana juu ya valvu ile ile, na mtu anaanza kwa kufukua.

Aina ya kitasa ni mjadala wa mafundi, nami nitausogelea kwa sababu ndipo kazi inapoharibika. Kile kinachopendwa viwandani ni cha plastiki, kimefichwa upande wa chini, unakifungua kwa kuingiza kidole kwenye tundu na kusukuma ulimi wenye springi. Kinapendeza machoni. Lakini mashua ikiyumba kidole kikiwa ndani, mfupa unavunjika, na springi ikishashika kutu ulimi unabaki umerudi nyuma bila mtu kuona. Sumaku na kitambaa cha kunatanisha vinafaa milango ya masanduku ya vitabu, kwingine visijaribiwe. Komeo dogo la kusukuma ni imara, ila halijifungi lenyewe. Kipande cha shaba cha kuzungusha robo mzunguko ni cha zamani, ni cha bei ndogo, na macho yanaona mara moja kama kimefungwa au hakikufungwa. Ningekuwa mjenzi ningeanzia hapo. Kwa stoo kubwa za chini ya vitanda, mkanda wa nailoni wenye kifungo cha kubana, uliopita juu ya mfuniko na kushikwa kwenye fremu pande zote mbili, unashinda vyote hivyo.

Hata hivyo kitasa kizuri hung'oka kwa skrubu mbaya. Skrubu fupi iliyoingia milimita 10 ndani ya plaiwudi inashika kwa nyuzi chache tu, na mzigo wa stoo iliyopinduka unaivuta moja kwa moja kutoka ndani, mwelekeo ambao skrubu huuweza kidogo kuliko yote. Stoo ya kilo 30 ikiwa juu chini inauwekea mfuniko nguvu ya kilo hizo zote 30 ikiwa imetulia, na mashua inayoviringika haitulii. Kipimo chenu cha betri, cha mara mbili ya uzito, kingetaka kifungo hicho kishike kilo 60. Bolti inayopenya upande wa pili, yenye washa pana na nati, haitahangaika. Na upande wa pili wa kitasa, pale ulimi unapoingia, usiwe kijiti kilichogundishwa; kiwe kimefungwa kwa bolti vile vile, la sivyo tumeimarisha mlango tukasahau fremu. Makali mengine ya mfuniko yashikwe na bawaba, au na ndimi mbili za mbao ngumu zinazoingia chini ya fremu.

Gharama na uzito sitavizungumza sana. Vitasa vya mashua nzima havifiki uzito wa chupa mbili za maji, na bei yake haionekani ndani ya bei ya mashua ya kategoria A. Ukungu nao hutajwa, kwamba stoo lazima zipumue. Lakini tundu la hewa na kitasa havijawahi kugombana.

Maneno ninayopendekeza ni haya, nanyi mna wanasheria wa kuyanyoosha: kila mfuniko wa stoo, kabati au sakafu ndani ya kabini uwe na kifungo ambacho, mashua ikiwa imepinduka nyuzi 180, kitashika nguvu iliyo mara mbili ya uzito wa mfuniko na wa vitu vinavyokusudiwa kuwekwa chini yake, na kifunguke kwa mkono mmoja bila zana. Uzito huo mtengenezaji auandike kwa wino usiofutika upande wa ndani wa mfuniko. Asipouandika, ihesabiwe nusu kilo kwa kila lita ya nafasi. Kupima hakuhitaji maabara, kwa kuwa jeki ndogo na mizani vikiwekwa ndani ya stoo vinausukuma mfuniko kutoka chini. Kwa mashua mpya, takwa hili liingie kwenye kategoria A na B. Kwa zilizokwisha kujengwa, lianzie kwenye mashindano ya kategoria 0, 1 na 2 za Kanuni Maalumu, pamoja na muda wa kutosha wa wenye mashua kujitayarisha, kwa sababu mafundi si wengi na mifuniko ni mingi. Na mkaguzi aagizwe asitosheke na kitasa kinachong'aa kwa juu. Aufungue mfuniko, augeuze, aangalie upande wa chini skrubu zimeshika nini.

Wasalaam.